Darasa Walilolicheka kwa Kusoma Kichwa cha Habari

Profesa, cheo alichojipa mwenyewe siku aliyonunua miwani, alilipiga gazeti kofi akatangaza, "Jamani, tumekwisha! Watoto wa lile darasa la wasioelewa wanachosoma wamefutiwa mtihani!"

Benchi la nje ya kibanda cha Fundi Viatu likalipuka.

"Wamefutiwa?" Kinyozi aliruka, kitana mkononi. "Mimi nilichapwa mpaka ubao ukanionea huruma, leo wao wanabembelezwa?"

"Uvivu tu huo," akadakia Breki, dereva mstaafu. "Enzi zetu hakukuwa na ugumu wa kusoma. Kulikuwa na kiboko."

"Kikakusaidia?"

"Sana. Kilinisaidia kuacha shule mapema."

Wakacheka mpaka benchi likalia. Fundi hakucheka. Sindano ilimchoma kidole, akajifanya anatafuta uzi. Binti yake alikuwa kwenye darasa hilohilo. Miaka miwili sasa Fundi akiulizwa habari za mtoto alijibu, "Yuko darasa maalumu," kwa sauti ya kuwafanya watu wadhani ni la wenye vipaji.

Mara binti mwenyewe akatokea, begi mgongoni. "Shikamooni."

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema Profesa. "Umekuja wakati mzuri. Hebu wasomee hawa, mimi sauti imenikauka."

Fundi alitaka kusema mwacheni mtoto. Akainamia kiatu.

Binti alipokea gazeti, akatoa kadi begini, akafunika mistari ya chini, akaanza. Neno. Kituo. Neno. Kinyozi akapiga mwayo wa makusudi. Aya ilipoisha, binti akafumba macho.

"Umekwama?" aliuliza Breki.

"Hapana, babu. Mwalimu anasema nikimaliza kipande nisikimbilie kingine. Nijiulize kwanza: nani, kafanya nini, kwa nini." Akafumbua macho. "Hawajafutiwa mtihani. Wameongezewa nusu saa. Walichofutiwa ni kusoma kwa sauti mbele ya wenzao, kwa sababu walikuwa wanachekwa."

Mwayo wa pili wa Kinyozi ukakatikia njiani.

Profesa alinyakua gazeti, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Herufi zenyewe ndogo mno."

"Ni kubwa tu, babu. Uliishia kwenye kichwa cha habari."

"Kwa hiyo," Breki alisema polepole, "tumepayuka muda wote huu juu ya habari ambayo haimo gazetini?"

Fundi akaweka kiatu chini. "Mwanangu yuko kwenye darasa hilo," alisema, na safari hii hakuongeza neno 'maalumu'. "Anayetaka kucheka, acheke tumsikie."

Hakuna aliyetaka. Kinyozi alikumbuka ghafla kwamba ana mteja. Breki akamfuata, ingawa kichwa chake hakikuwa na unywele hata mmoja.

Profesa alibaki. Alipohakikisha wamefika mbali, akamsogelea binti, akanong'ona, "Mjukuu, hiyo kadi... hebu niazime kidogo."

"Chukua, babu. Ila soma kimyakimya. Hapa watu wana tabia ya kucheka."