Fundi Mwewe na Kilo Mbili za Karoti

Fundi Mwewe alikuwa na macho ya kumtofautisha mbu dume na mbu jike, wote wawili wakiwa hewani! Wa kwanza kusema hivyo alikuwa yeye mwenyewe, na wa mwisho pia. Hata jina la Mwewe alijipa mwenyewe, akaliandika juu ya mlango wa duka lake la kushonea kwa herufi kubwa kama madirisha.

"Miwani ni ya wazee na wavivu wa kuona," alizoea kusema, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni kama nishani.

Lakini duka hilo lilikuwa na siri. Kila asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, mkewe aliketi nyuma ya pazia la kujaribia nguo akatia uzi sindano kumi na mbili, kisha akatia na ule wa cherehani. Maana Mwewe akishika sindano, tundu lilihama! Alifuata kushoto, likaenda kulia. Aliuramba uzi kuuchongoa mpaka akashiba.

Siku moja akaja mwalimu mkuu wa shule ya jirani, kitambaa cheusi kwapani.

"Fundi, namwoza binti yangu baada ya wiki tatu. Nishonee suti. Ikinikaa vizuri, sare za shule nzima zinakuja kwako."

"Shule nzima?"

"Watoto mia nne."

Mwewe nusura ameze chaki yake.

Jioni ile ile mkewe akapata habari kuwa mama yake ameanguka, amevunjika mguu. "Nakwenda kumuuguza," alisema, akifunga mzigo. "Na wewe, baba watoto, nenda kapime macho."

"Mwewe gani umewahi kumwona na miwani?"

Sindano zilizotiwa uzi zikaisha siku ya pili.

Kwa bahati, nesi wa zahanati alileta sketi ya kupandishwa pindo. Mwewe akamzunguka kwa maneno. "Nesi, nina rafiki yangu. Macho yanamchezea kidogo."

"Aje apimwe. Na ale vizuri. Vitamini A husaidia macho. Ipo kwenye karoti, mchicha, mapapai, mayai, maini..."

Baada ya neno karoti, Mwewe hakusikia tena. Roho yake ilishafika sokoni!

Kuanzia siku hiyo, kilo mbili kila siku. Asubuhi karoti mbichi, mchana karoti za kuchemsha, jioni karoti zilizoshushiwa kwa juisi ya karoti. Wali, maharage na mboga aliviaga kama wageni wanaosafiri. Sungura wa jirani walianza kumtazama vibaya.

Uzi wa cherehani ulipokatika, alimwomba muuza karoti amtilie, eti mikono yake mwenyewe ina mafuta.

Ilipofika wiki ya tatu, viganja vya Mwewe vilikuwa vimegeuka rangi ya chungwa. Nyayo, chungwa. Pua, chungwa lililoiva! Mtaa mzima uliona, isipokuwa mtu mmoja tu, yule mwenye macho ya mwewe.

Wateja wakaacha kumpa mkono, wakamsalimu kutoka kizingitini. "Wameanza kuniogopa," alijisifu moyoni. "Hiyo ndiyo heshima!"

"Fundi, mbona umekuwa hivyo?" kinyozi wa mlango wa pili alimuuliza.

"Vitamini, ndugu yangu! Hapa unaona afya tupu!"

Siku ya kujaribu suti, mwalimu mkuu alitoka nyuma ya pazia akasimama mlangoni, penye jua.

"Fundi, mguu huu wa suruali una rangi gani?"

"Mweusi tii!"

"Na huu?"

"Mweusi tii!"

"Huu ni wa buluu."

"Hicho ni kivuli, Mwalimu." Mwewe akapiga magoti, akanyoosha mkono kumwonyesha. Mwalimu akaruka nyuma, suruali bado haijafungwa.

"Mikono yako! Umanjano huo! Nesi! Nesi!"

Nesi alikuwa ndiyo kwanza anaingia kufuata sketi yake. Akamvuta Mwewe kope, akachungulia. "Weupe wa macho ni safi, si ugonjwa wa ini. Umekula nini?"

"Vitamini."

"Kiasi gani?"

"Kilo mbili kwa siku. Karoti."

Nesi alicheka mpaka akaegemea cherehani. "Kumbe rafiki yako ni wewe! Sikiliza, fundi. Mwili ni kama suti, unataka kitambaa, bitana, uzi na vifungo. Wewe umeshona vifungo mia mbili, kitambaa hakuna! Kila chakula kina vitamini zake na kila moja ina kazi yake. Vitamini A huyafaa macho ya aliyepungukiwa nayo. Wewe hukupungukiwa na kitu ila miwani."

Mwalimu mkuu akavua miwani yake akamvisha.

Mwewe akaitazama ile suruali. Uso ukamkunjamana.

"Nani kashona uchafu huu?"

Akainamisha macho, akakutana na viganja vyake.

"Mama yangu! Nimeiva!"

Mkewe alirudi kesho yake. Walishinda mchana kutwa wakifumua na kushona upya, na siku ya harusi suti ilimkaa mwalimu kana kwamba alizaliwa nayo. Sare zikaja kweli, na kikaratasi juu yake: *Rangi za vitambaa achague mama.*

Siku hizi sahani ya Mwewe ina kila kitu, na mikono imerudia rangi yake. Juzi mteja alimchokoza, "Fundi, mwewe kavaa miwani?"

"Hii? Ni ya kukinga vumbi tu."

Mkewe, bila kuinua kichwa, akamnyooshea sindano na uzi. "Basi ivue, baba watoto, unitilie huu."

Mwewe akakohoa. Akaisukuma miwani mpaka juu kabisa ya pua.

"Leo," alisema, "vumbi limezidi."