Asali ya Mahameni

Leo nimeaibika mbele ya ukoo wangu wote, walio hai na waliokufa. Nawaandikia nyinyi wenzangu wa karakana kabla hamjasikia kwa watu wa treni.

Kisukari changu mnakijua. Mnajua pia siwezi kutulia (kila mji kwangu ni wa kupita). Juzi nilifika Isevya kwa dada yangu. Leo hamu ikanishika kwenda kuiona nyumba niliyozaliwa, ng'ambo ya Kwihara, kando ya njia ya zamani ya misafara. Nikachoma sindano, nikanywa chai, nikala kiazi kimoja, nikatia mfukoni kopo langu la sukari ya dharura. Nikaenda kwa miguu.

Hakuna mtu kule, ni mahame matupu. Wote walihamishiwa kijiji cha ujamaa. Zimebaki kuta, milango imeng'olewa. Saa saba mchana, na hata ndege halii. Nikasimama uani kwetu. Nikahisi kuna mtu nyuma yangu. Jasho la baridi likanitoka shingoni.

Sasa, mwili wangu nimeusoma kwa miaka mingi. Hofu yangu huanzia tumboni. Sukari ikishuka huanzia midomoni: inawasha kama nimelamba pilipili, kisha magoti yanalegea. Nikajiuliza kwa utulivu, Maganga, leo ni wapi? Ni midomo. Nikafurahi. Si mizimu, ni sukari tu.

Nikafungua kopo. Tupu.

(Jana dada alikuwa na wageni, na sukari siku hizi ni ya foleni. Niliwasikia wakiisifu chai. Mimi, msomaji wa mwili, kopo sikulipima hata uzito.)

Magoti yakaanza. Nikianguka pale, nani angenikuta? Ndipo nikakiona pembeni mwa ua kijumba cha mizimu, kile cha Babu, kinachomtosha mtu mmoja akijikunja. Kimeezekwa nyasi mbichi. Ndani mna unga mweupe na kibuyu kidogo cha asali. Nikaingia kwa magoti, nikamwomba Babu radhi, nikala. Mikono ilitetemeka hata unga ukanimwagikia kuanzia nywele mpaka kifuani.

Midomo ikaanza kutulia. Mara nikasikia sauti nje.

"Baba, tumekuja." Alikuwa shangazi yangu Nyamizi. "Usitukasirikie kwa kukuacha peke yako. Magari yalikuja kutupakia, hatukuulizwa. Tuna shida moja. Maganga wetu anatangatanga na ule ugonjwa wake, iko siku atafia njiani. Mrudishe nyumbani. Hata kwa nguvu."

Nikaona heri ninyamaze mpaka waondoke. Lakini asali ikanipalia. Nikakohoa.

 Baba yangu mdogo, aliyekuja naye, akanong'ona, "Dada, amejibu."

"Nimesikia."

"Basi muulize anasemaje."

"Muulize wewe. Si ndiwe mwanamume?"

Nikatoka kinyumenyume, makalio mbele, mweupe kama karatasi, asali kidevuni. Nilipogeuka, baba mdogo alikuwa ameshafika barabarani. Shangazi alibaki, nadhani kwa sababu ya miguu yake mibovu. Akanikagua kuanzia juu, akaishia kwenye viatu.

"Baba hakuwahi kuvaa katambuga za tairi," akasema.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Maganga, nimemwomba akurudishe. Sikumwambia akupitishie humo."

Nikapiga magoti nikaungama yote: sindano, kopo, midomo. "Nisamehe, shangazi. Ningezimia. Nimekula asali yenu ya tambiko."

"Asali gani?" Akafungua khanga. Alikuwa na kibuyu chake, bado kimezibwa. "Asali ndiyo hii, ndiyo kwanza tunaileta. Hapa hatujakanyaga tangu tuhamishwe." Akakitazama kijumba. "Na nyasi hizo nani kaezeka?"

Hapo hofu ikaanza, mahali pake hasa, tumboni.

Usiku huu nalala kwa shangazi, nimekubali kukaa mpaka mavuno, na sitaki kusikia mtu anacheka. Kibuyu kitupu ninacho hapa mezani, na sijui nimrudishie nani.