Yah: Baiskeli Yangu Kugeuzwa Taa za Sikukuu

Onesphory Beda,
Balozi wa Nyumba Kumi,
Kijiji cha Ujamaa Tujitume,
Kata ya Kisanga, Kilosa.
14 Januari 1974

Ndugu Katibu wa Tawi,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi, basi marahaba naitanguliza. Huku hatujambo. Mvua inanyesha, mahindi yamefika magotini, na nguruwe pori wamefika kwenye mahindi. Baada ya salamu naomba kuleta malalamiko yangu. Ieleweke tangu mwanzo kwamba sijakasirika. Ninayemlalamikia ni mtani wangu, na mtu anayemkasirikia mtani hujiaibisha yeye na ukoo wake wote. Ndiyo maana nimeandika, kwa sababu kwenye karatasi uso hauonekani.

Mtani mwenyewe ni Mwamvua, jirani yangu. Ni Mnyamwezi. Babu yake alibeba mizigo ya watu kutoka Tabora, akachokea hapa kwetu Usagara, na tangu siku hiyo ukoo ule haujainua tena kitu kizito. Mwezi wa Novemba kijiji kilimchagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya mapambo ya sherehe za Uhuru. Mkutanoni akalalamika kwamba hakuna hata pambo moja. Mimi nikasimama nikasema kijiji cha ujamaa hakinunui mapambo dukani, kinajitegemea, na takataka za nyumba moja tu zinatosha kupamba wilaya nzima. Watu wakapiga makofi. Mwamvua akauliza, nyumba ya nani? Nami, makofi yakiwa bado yananilia masikioni, nikajibu: hata yangu, njoo uchukue utakacho.

Neno hilo lilitamkwa mbele ya mtani, tena hadharani. Wewe ni mtu wa huku, Ndugu Katibu, unajua maana yake. Alichokichukua mtani kwa kinywa chako mwenyewe huwezi kukidai tena. Asubuhi yake alikuja na mkokoteni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Makopo. Alikusanya makopo yote ya nyumbani, akayakata kwa mkasi wa bati, akayageuza maua. Kazi ni nzuri, sikatai. Kopo la mafuta ya taa limekuwa alizeti ambayo nyuki wawili wameshaijaribu. Lakini kopo langu la kunyolea ndevu halikuwa takataka, lilikuwa na sabuni ndani. Sasa ni nyota juu ya mlango wa ofisi ya kijiji, na mimi nimefuga ndevu bila kupenda. Juzi Bwana Shamba, ambaye tumezaliwa mwaka mmoja, alinipa shikamoo.

2. Mke wangu Costancia. Badala ya kulinda mali ya nyumba, ndiye aliyekuwa akimwonyesha mtani kila kitu kilipo. Vifuniko vya soda ambavyo ni kete zangu za drafti vimetungwa kwenye uzi wa mkonge, vinalia ovyo upepo ukivuma. Kiatu changu cha kushoto kimening'inizwa kikiwa na maua ndani. Costancia anasema kiatu kimoja ni takataka, kwa kuwa mwenzake alichukuliwa na mbwa zamani. Mimi bado naamini atapatikana.

3. Baiskeli. Hapa naomba ukae vizuri. Baiskeli ile niliinunua kwa pamba yangu mwenyewe, na siku ya ndoa nilimpakia Costancia nyuma yake kutoka kanisani hadi nyumbani, milima yote ile, wala sikushuka kuikokota. Ina dainamo ya taa. Mwamvua alipoiona dainamo alitabasamu, nikajua nimekwisha. Wameisimamisha kwa stendi mbele ya ofisi, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Kwenye dainamo wamefunga waya, na kwenye waya wamefunga balbu za tochi zilizovishwa karatasi za pipi, nyekundu, kijani na njano, zimezunguka mlingoti wa mkonge uliosimikwa pale. Mtu akikanyaga, taa zinawaka. Akiongeza kasi, zinang'aa. Akipiga chafya, sikukuu inazimika. Mimi nakwenda Zombo kwa miguu, huku baiskeli yangu inatembea kila jioni na haijafika popote. Inaniuma, Ndugu Katibu. Nasema wazi kwamba inaniuma, ingawa sijakasirika.

4. Kazi za kijiji. Shamba la ujamaa likipigiwa ngoma, watu wanaumwa viuno. Zamu ya kukanyaga ikitangazwa, viuno vinapona na watu wanasukumana. Mzee Nikolaus hajawahi kuonekana na jembe tangu kijiji kianze, kwa sababu ya goti. Goti hilohilo lilikanyaga mpaka kwaya ikamaliza nyimbo zake zote, kisha likaomba kwaya irudie.

5. Sikukuu kutokuisha. Uhuru ulipopita nilikwenda kuichukua baiskeli yangu. Nikaambiwa Krismasi i karibu. Mimi ni Mwanglikana, ningeanzaje kuinyima Bethlehemu taa? Krismasi ikapita, Mwaka Mpya ukapita. Nikaenda tena. Mwamvua akaniuliza kwa upole, mbele za watu, kama ujamaa ni wa Wakristo peke yao, maana Idd el Hajj ndiyo hiyo inabisha hodi. Nikaona haya, nikarudi. Baada ya Idd yakaja Mapinduzi. Jana nilipouliza tena nikajibiwa kwamba mwaka huu Maulidi na Pasaka zinafuatana, halafu ni Mei Mosi, halafu Saba Saba, na baada ya Saba Saba, mtani wangu, si Uhuru tena huo? Kwa mwendo huu baiskeli itarudi siku ya kiyama, na sina shaka Mwamvua atasema siku hiyo nayo inahitaji taa.

6. Basi. Jioni ya Mapinduzi basi la kwenda Mikumi lilipita hapa. Dereva hakuwahi kuona taa upande huu tangu aanze kazi. Akaamini amefika Mikumi. Akasimama, abiria wakashuka na magodoro na kuku, basi likageuza. Mama mmoja akaniuliza hoteli iko wapi, nikamwonyesha nyota yangu ya kunyolea. Mkubwa mmoja wa kutoka Morogoro, mwenye mkoba, ilibidi alale kitandani kwangu na mimi nikalala jikoni. Asubuhi alinishika mkono akasema ataandika ripoti kwamba Mikumi imeendelea sana.

Kwa sababu hizo naomba ofisi yako ifanye yafuatayo. Baiskeli irudishwe. Serikali itangaze, kila mwaka, tarehe ya mwisho ya kufurahi. Na la tatu, ambalo nimelifikiria sana nikiwa njiani kwa miguu, naomba utani utaifishwe. Mabenki yametaifishwa, mashamba ya mkonge yametaifishwa, lakini utani mpaka leo uko mikononi mwa watu binafsi kama Mwamvua. Ukiwa mali ya umma, kila anayetaka kunichukulia kitu atapanga foleni ofisini, na nikizikumbuka foleni zetu naona mali yangu itakuwa salama kabisa.

Msalimie mama watoto, makarani wote, tarishi, na yule mzee anayelinda geti ingawa geti lenyewe halijafika. Costancia anakusalimu. Mwamvua naye angekusalimu kama angejua nakuandikia.

Ni mimi mwenzako katika kujenga taifa kwa miguu,

Onesphory Beda

Nyongeza: Ndugu Katibu, kabla sijaifunga bahasha Mwamvua ameniletea baiskeli. Kumbe Costancia alimwambia naandika. Imefutwa vumbi, imetiwa mafuta, hata kengele inalia. Nimeizungusha kijiji kizima kwa furaha. Jioni watu wakaja mbele ya ofisi kama kawaida yao, wakakuta giza. Hawakulalamika. Walisimama tu wakiutazama mlingoti. Mwamvua hakunitania hata neno moja, na mtani akinyamaza, ujue umemuumiza. Nimeshindwa. Nimeirudisha mwenyewe kwenye stendi na kukanyaga mwenyewe. Kutoka kwenye tandiko nikamwona Costancia amesimama chini ya taa nyekundu, anacheka vilevile kama siku ile ya kutoka kanisani. Nikaongeza kasi.

Kwa hiyo barua hii usiifanyie kazi. Lakini tafadhali usiitupe. Karatasi zimetuishia, na kamati, ambayo sasa mimi ni makamu wake, inataka kutengeneza minyororo ya Pasaka. Nimeandika upande mmoja tu, mwingine utapakwa rangi. Irudishe kwa basi, dereva anajua pa kusimama. Na kama humo ofisini yamo malalamiko mengine ambayo hayajafanyiwa kazi, tuletee yote.