Phinées na Mashine Tatu za Ukungu

Kwetu Butembo, asubuhi, ukungu unaingia mu nyumba bila kupiga hodi. Unalala juu ya kitanda, unalowesha chumvi, unatoka saa yenye unapenda. Donc siku Bilali, mwenye camion, alifungua bâche, ile turubai ya nyuma, na kuonyesha Phinées carton tatu za mashine za kutengeneza ukungu, bote babili balicheka mpaka bakashika matumbo.

"Mwenye kuziagiza alipotea," Bilali akasema. "Nani hapa atanunua ukungu? Beba, ndugu, zinanikulia nafasi tu."

Phinées akaacha kucheka. Ule kijana, Mungu amuchunge, alikuwa na kinywa cha kuuzia samaki maji. Na siku ya Mungu ya juma yenye kufuata alipaswa kupeleka mbuzi za mahari kwa muzee Stanislas, baba ya Élise. Mbuzi kukosa, Élise pia kukosa: mwalimu mumoja wa Alimbongo alikuwa na zake tayari, zimefungwa kamba.

Sasa Stanislas ananunua cacao. Phinées akawaza: "Nikiuza hizi mashine kule Beni nipate gunia moja ya cacao, nitamuuzia bukwe wangu, na ile feza yake nitamununulia mbuzi. Atajilipa yeye mwenyewe!" Akapanda camion na carton zake, akashuka Beni.

Beni jua ilikuwa inapiga sawa na iko na kisasi. Mama Kavugho, mujane, alikaa mbele ya nyumba yake na mboga ya lengalenga ya kuuza, majani imelala yote sawa wagonjwa. Phinées akasalimia, akatosha kipimo kidogo cha unyevu, chenye sindano.

"Mama, hewa ya hii nyumba imekauka vibaya. Tazama! Sindano iko ku makumi mbili!"

Ile sindano ilikuwa ku makumi mbili tangu gurudumu ya camion ya Bilali ilipita juu yake. Hata ungeitia mu sufuria ya supu, ingesema makumi mbili.

Mama akamutazama polepole. "Na hii maji yenye iko natoka ku shingo yako, mwanangu, inatoka wapi?"

"Ni hewa kavu inanivuta, mama!"

"Ah bon. Kaa. Unieleze pole, miye sikusoma sana."

Phinées akakaa, akapanga mashine mbele yake sawa padri na vikombe vyake. "Iko aina tatu, mama. Hii inachemusha maji, mvuke inatoka ya moto. Hii ya pili iko na mèche, utambi sawa ya taa. Mèche inakunywa maji, hewa inapita pale. Ya tatu inatikisa maji mpaka inakuwa ukungu ya baridi. Chumba kikubwa, mashine kubwa. Chumba kidogo, ndogo. Unatia maji safi, unaosha kila juma, ao itakutupia uchafu mu mapafu."

Yote ilikuwa kweli, carton ndiyo ilisema. Uongo ilikuwa moja tu: eti Beni inakosa unyevu.

Bakajaribu. Ya moto ikamaliza batterie ya panneau ya jua ya mama, mbele hata muhogo ya chakula ianze kutokota. Ya mèche ikanyamaza sawa bibi-arusi siku ya kwanza. Wakati batterie ilipata nguvu tena, ya baridi ikapuliza moshi nyeupe, muzuri sana.

"Hii inafaa," mama akasema. "Haikule courant mingi. Mais niijaribu kwanza siku tatu. Nitaiweka wapi?"

Phinées alitaka chumba kidogo, kimefungwa, moshi ionekane mingi. Akaonyesha dépôt nyuma. "Pale!"

"Pale, mwanangu? Mule iko gunia yangu ya cacao."

"Pale sana!"

"Pale kabisa? Na gunia?"

"Mama, gunia itakohoa?"

"Wasingya, aksanti," mama akasema, akamutilia chai.

Siku tatu mashine ikapuliza. Siku ya ine, mama akamuita. "Mashine ni nzuri. Feza sina, iko cacao. Niko na gunia mbili: moja iko mu cuisine, karibu na moto, ingine ni ile ya dépôt. Tulizijaza siku moja, kipimo kimoja. Chagua weye mwenyewe, usiende kusema mumama muzee alikudanganya."

Phinées akainua ya cuisine. Akainua ya dépôt: mugongo ukalia. Mutoto yeyote wa Mbau, kule banalima cacao, angevunja kwanza mbegu moja. Lakini Phinées ni mutoto wa viazi na ukungu. Alipima cacao na mugongo.

"Hii!" akasema, na ile furaha akamuachia mama mashine zingine mbili bure, matabishi.

Gunia ikalala usiku mbili ku chumba chake, Butembo. Siku ya posho, kesho yake ni siku ya Mungu, akaipeleka kwa Stanislas, kofia mukononi. Muzee akatumbukiza mukono mpaka ku kiwiko, akatosha mbegu, akaifinya. Haikulia kaa! sawa mbegu kavu. Ilijikunja. Ndani ilikuwa na ndevu nyeupe.

"Bukwe, hii ni cacao ao ni supu?"

"Mvua, muzee, mu njia…"

"Mvua ilinyesha ndani ya mbegu na gunia ikabaki kavu?"

Nyuma ya balance ya kupimia cacao, Élise akafunika kinywa. Hakuwa analia.

"Irudishe ku jua, utoshe zile zenye kuoza," Stanislas akasema. "Zingine zikilia kaa! kati ya vidole, kuya nazo hapa. Mwalimu nitamuambia angoje juma moja. Moja tu."

Ndiyo vile Phinées alijikuta tena Beni, ku lupango, uwanja wa nyumba ya Mama Kavugho, suruali imekunjwa ku magoti, akigeuza cacao na miguu juu ya bâche. Kila mchana gunia ilipungua. Jua ilikunywa mbuzi mumoja, mguu kwa mguu. Na mbele ya nyumba batu balijipanga: juu ya meza ya mama ukungu ya baridi ilikuwa inaanguka polepole juu ya lengalenga, na saa sita ya mchana majani ilisimama sawa imechumwa sasa hivi.

"Mama," Phinées akaita, "ulijua?"

"Nilikuuliza mara tatu, mwanangu. Geuza na ile kona. Hewa ya huku iko na unyevu mingi, cacao haikauke mbio."

Phinées akatosha kipimo mu mufuko, akatazama sindano.

Makumi mbili.