Lampo na Kware wa Jirani

Jumatatu, 2 Septemba
Jirani yangu Nazzareno tena. Leo kampitisha Perla, mbwa wake mchanga, mbele ya baa. Kware akachakarisha majani kando ya barabara, Perla akaganda. Mguu mmoja juu, mkia umenyooka, pua imelenga kichaka, kama mbwa wa kuwinda anavyopaswa kumwonyesha bwana wake ndege alipo. Wazee wakaacha karata. Wakavua kofia kama jeneza linapita.

Lampo wangu ni ndugu yake, tumbo moja. Alikuwa chini ya meza anatafuna kamba za viatu vya padri.

Mke wangu Delfina kasema mbwa hufanana na mwenyewe. Sikumwuliza ana maana gani.

Jumapili ni mashindano ya mbwa wachanga: anayeganda mbele ya kware bila kumfukuza ndiye mshindi. Mwenye mbwa mshindi ndiye anayetangulia msimu wa kuwinda ukifunguliwa. Wengine tunafuata. Nimemfuata Nazzareno tangu ujanani. Naujua mgongo wake kuliko uso wangu.

Jumanne, 3 Septemba
Nimenunua kware hai kwa Ombretta, mama anayewafuga kule bondeni. Akanifundisha bila kuombwa: ndege akae ndani ya tundu, tundu lifichwe majanini, mbwa afungwe kamba ndefu, aletwe polepole upepo ukimjia usoni. Asimkamate ndege hata mara moja. Akionja tu, basi tena.

Nikamwambia hayo nayajua. Nikamdadisi kuhusu Nazzareno, huwa anachukua kware wangapi. Kasema wachache, na subira nyingi. Nikachukua wengi. Subira sikuiona bandani.

Jumatano, 4 Septemba
Nimeacha tundu. Nimeacha na kamba, maana inamfanya mbwa mtumwa. Nilisikia kwamba ukimkunja kware kichwa chini ya bawa, ukambembeza, analala usingizi mzito. Nikambembeza. Kizunguzungu kikanipata mimi. Mwishowe akalala, nikamweka kwenye mabua, nikamwachia Lampo.

Hakuganda. Kambeba mdomoni mpaka jikoni, akamweka miguuni pa Delfina. Kware akaamka na kurukia unga wa tambi. Aliyosema Delfina siyaandiki.

Alhamisi, 5 Septemba
Nilisahau komeo la banda. Kware wote wamevuka ua, wako shambani kwa Nazzareno. Lampo naye kawafuata.

Nikaenda kudai mali yangu. Nazzareno hakuringa, na hilo liliniudhi zaidi.

"Ermete, ndugu yangu, waache tu hapa. Mlete Lampo asubuhi, tuwafundishe wote wawili."

"Mbwa wangu ana mwalimu."

"Najua. Ndiyo maana nasema umlete."

Nimeelewa. Anataka kuniibia mbwa. Nimemrudisha Lampo na kuziba pengo la ua kwa mlango wa zamani.

Ijumaa, 6 Septemba
Lampo hakuonekana asubuhi. Nikapanda ngazi, nikachungulia juu ya ua.

Yuko kule. Kamba ndefu shingoni, mguu mmoja juu, hatikisi hata sikio. Nazzareno kapiga goti kando yake, anampapasa mgongo taratibu, anamnong'oneza. Kware akaruka. Lampo akatetemeka mwili mzima, asimfukuze.

Mimi hajawahi kunitetemekea hivyo. Nikahisi anachohisi mume anayefika nyumbani mapema. Na mke wangu mwenyewe alikuwepo, kawapelekea kahawa! Kumbe ndiye aliyeuondoa ule mlango.

Jumamosi, 7 Septemba
Nimeamua kumrudisha Lampo kwa mfano. Nikanunua kware mmoja, nikamweka kwenye tundu, nikapiga magoti na mikono chini, nikanyanyua mkono mmoja, nikalenga pua. Lampo akakaa kunitazama kwa huruma. Mleta barua naye alikuwa langoni. Akauliza kama naumwa mgongo. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 8 Septemba
Mwamuzi alikuwa Bibi Ippolita, mama asiyecheka. Perla kaganda vizuri, lakini kware aliporuka akapiga hatua mbele. Mioyo ya wazee ikadondoka. Wangu ukacheza ngoma.

Akafuata Lampo. Kaganda. Bibi Ippolita akamzunguka, akasogeza majani kwa mguu, kware akapaa karibu amguse pua. Lampo hakusogea. 

Tumeshinda.

Wa kwanza kupiga makofi ni Nazzareno. Macho yalimlowa. Nikamwuliza pembeni, kwa ukali kidogo, kwa nini kamfundisha mbwa wa kumshinda wake.

"Nilimwona ana pua," kasema. "Pua kama ile kuiacha ipotee, nisingelala."

Nikamwambia vumbi la mabua linawasha macho, na mimi pia yalinilowa kwa vumbi hilo.

Jumatatu, 9 Septemba
Leo baa nzima imenisikiliza. Nimewaeleza mbinu yangu: mwalimu atangulie kuganda mwenyewe, mbwa aige. Mleta barua akashuhudia kwamba aliniona. Nazzareno kanywa divai yake, anatabasamu ndani ya glasi. Masikini. Wivu ni ugonjwa mbaya, unamla mtu hajijui. Nimemwahidi atembee nyuma yangu kwa karibu.

Wakati wa kurudi nikamwona Gualtiero na kikapu cha ule uyoga mweusi unaokua chini ya ardhi na kuuzwa ghali. Mbwa wake ndiye huunusa na kuuchimbua. Watu walimzunguka kama bwana harusi. Sikula chakula cha jioni.

Mbwa wa Gualtiero ni mzee, ana jicho moja. Mimi na Lampo tuna manne. Kesho nitafukia uyoga bustanini, Lampo ajifunze kuunusa. Delfina kauliza tu kama aende sasa hivi au asubuhi kumwarifu Gualtiero kwamba mwanafunzi anakuja.