Nitachukua Kitakachobaki

Jumatatu, 3 Machi
Mama katangaza wakati wa chai: uwanja wa nyuma tugawane sisi wanawe watatu. Mita kumi na mbili kwa kumi. Mita za mraba mia na ishirini! Dada anataka kupanda mboga. Kaka anataka pa kuweka pikipiki yake mbovu. Mimi nataka banda la kuku, tena kubwa. Nikajitolea kupiga hesabu, maana mimi ndiye niliyefika mbali kwa shule. (Shule yenyewe ndiyo ilikuwa mbali. Hilo halimhusu mtu.)

Jumanne, 4 Machi
Mpango: dada theluthi. Kaka nusu ya kitakachobaki. Mimi, mnyenyekevu, masalio. Wao washibe majina makubwa, theluthi na nusu, mimi nishibe ardhi! Wote wakakubali.

Nikapima kwa kamba. Dada arobaini. Zikabaki themanini, nusu yake, arobaini, ya kaka. Masalio... arobaini! Nikapima tena huku nikiivuta kamba kidogo. Arobaini! Mama, machozi yakimlenga, akasema, "Mwanangu, leo umegawa kwa haki."

Kwa haki! Mimi! Bahati mbaya gani hii.

Jumatano, 5 Machi
Hesabu mpya. Dada robo: thelathini. Kaka theluthi ya kitakachobaki: thelathini. Mimi sitini. Nusu ya uwanja! Nikawaambia kamba ya jana ilikuwa imelowa, turudie.

Kaka, ambaye akili yake iko kwenye kabureta, akaitikia. Dada ni fundi cherehani. Alinitazama kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa upogo. Akauliza taratibu: na Mama je, ale hewa? Mama akasema yeye hahitaji kitu. Dada akashikilia: baada ya kaka, Mama apewe nusu ya kitakachobaki, ndipo mimi nichukue masalio.

Macho yote kwangu. Nani angemnyima mama yake, mbele ya mama yake? Nikasema nilikuwa mbioni kulitaja hilo. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Alhamisi, 6 Machi
Thelathini, thelathini, thelathini, thelathini. Juzi nilikuwa na arobaini! Nimetoa jasho kujipunguzia kumi. Na fungu langu ndilo lenye kisiki.

Mashimo ya nguzo za mipaka nimechimba peke yangu, eti mpimaji ni mimi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga. Hawakusema kaka yake ataleta kiti aangalie.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata! Shemeji, mume wa dada, hana fungu, na ananung'unika. Tugawe upya kwa tano: ishirini na nne kila mtu. Shemeji hapendi jembe, hapendi kuku, anapenda usingizi. Lake ataniachia. Mafungu mawili, arobaini na nane!

Nimemnong'oneza. Kafurahi mno. Kasema ni wazo zuri ajabu, nimpe dakika tu akamuulize mkewe.

Kamba ninayo tayari mkononi.