Maneno Nyuma ya Picha

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi kanipa kazi! Nimtengenezee ukurasa wa mtandaoni wa duka lake la kushona. Picha mbili: Binti wa Duka la Dawa kavaa gauni la njano, na binamu yangu Mrefu kavaa suti. Mrefu kajipendekeza makusudi, apigwe picha siku moja na Binti. Mimi hata salamu sijawahi kumpa. Nikimwona tu, ulimi unaota kutu.

Jumanne, 4 Machi
Hila imepatikana. Kila picha ina sehemu iitwayo alt. Unaandika maneno ya kuieleza picha, na picha ikifunguka hayaonekani. Mwalimu wa kompyuta alitueleza sababu yake, kwa Kiingereza, nami nilikuwa nachungulia dirishani. Kwa Binti nimeandika: “Mzuri kupita kiasi. Siku moja nitamwambia.” Kwa Mrefu: “Twiga aliyeazima suti.” Moyo mwepesi! Nimesema bila kusema.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Bibi yake Binti haoni. Simu yake humsomea kurasa kwa sauti, alt na vyote. Kumbe ndiyo sababu yenyewe! Kaufungua ukurasa dukani kwetu, sauti juu, wateja wamejaa. Simu ikatamka bila haya: twiga aliyeazima suti. Shangazi akadondosha mkasi. Ikaja ya Binti. Bibi akauliza, haya, nani huyo atakayemwambia mjukuu wangu, na anangoja mpaka niote meno mapya? Mimi niko chini ya meza, natafuta sindano ambayo haikupotea.
Mrefu kaninunia. Faida.

Ijumaa, 7 Machi
Shangazi kasema nifute, la sivyo atanishona mdomo. Nikamjibu kimoyomoyo kwamba wenyewe hautumiki. Sasa alt inasema: “Gauni la njano, mikono mifupi.” Bibi katuma shukrani, eti leo ndipo kaliona gauni. Hapo niliona haya za kweli.
Halafu Binti mwenyewe! Kasema kacheka mpaka machozi, na mwenye maneno si ana mdomo? Nipite dukani kwao kesho.

Jumamosi, 8 Machi
Nilikwenda. Akasema enhe, ananisikiliza. Nikanunua plasta. Nikaondoka.
Usinicheke! Kuna sehemu nyingine, title. Maneno yake hujitokeza tu mtu akipitisha kipanya cha kompyuta juu ya picha. Na simu za watu hazina kipanya! Nimemwaga yote humo, shairi zima. Hii sasa siri ya kaburi.
Shangazi ananiita dukani. Kompyuta yake mpya imefika, nimfundishe Mrefu kutumia kipanya.